Mtoto Anayehesabiwa Hapotei

Kila Septemba shule zinapofunguliwa, sisi watu wazima wa Bunia, mkoani Ituri, huulizana habari za sare, madaftari na pesa ya shule. Watoto wana swali lao: mpira unaanza lini? Wengi wetu hulijibu kwa kicheko, au kwa kukemea: soma kwanza! Mimi nasema swali hilo ni zito kuliko tunavyodhani. Katika kartie kama Mudzipela, msimu wa kandanda wa shule ya parokia ni kazi ya kuokoa watoto, na unastahili kupangwa na kulindwa kama tunavyopanga mitihani. Tena nasema msimu, sisemi fainali wala kombe. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbuke yaliyotupata. Mei 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka Bunia, mji uliachwa mikononi mwa wanamgambo. Mapadri wawili waliuawa Nyakasanza pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia parokiani. Maelfu walilala karibu na uwanja wa ndege na kando ya kambi ya Umoja wa Mataifa, hadi majeshi ya Ulaya yakiongozwa na Ufaransa yalipoingia mwezi Juni. Hayo kila mzee wa Mudzipela anayajua, na sina haja ya kumfundisha.

Linalosahaulika upesi ni habari ya watoto. Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, alitembelea kambi ya Rwampara, karibu kabisa na mji wetu, na ziara hiyo ikapigwa video. Miaka ikapita, na video ile ikafika The Hague, mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Majaji wakaitazama, wakaona katikati ya askari watoto ambao bila shaka yoyote walikuwa chini ya miaka 15. Tarehe 14 Machi 2012 walimtia Lubanga hatiani kwa kuandikisha watoto jeshini na kuwatumia vitani, na Julai mwaka huo wakamhukumu kifungo cha miaka 14. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ile tangu iundwe. Dunia nzima ilipoanza kuhukumu makosa ya vita katika mahakama yake ya kudumu, ilianza na watoto wa Ituri.

Wala tusijidanganye kwamba upande mmoja tu ndio uliokosa. Kila kundi lililobeba silaha Ituri lilikuwa na watoto wake. Kabla ya hapo, mwaka 1996 na 1997, tuliwaona kadogo, askari watoto, wakivuka nchi nzima hadi Kinshasa na bunduki zinazowazidi urefu, na sisi wakubwa tukawapigia makofi. Na mwishoni mwa 2017, vurugu zilipofufuka Djugu, humuhumu Ituri, makundi mapya yaliwaingiza tena watoto na vijana katika safu zao. Basi hatari hii haijapita.

Sasa tujiulize: mtoto huingiaje msituni? Wapo waliochukuliwa kwa mtutu, na mbele ya bunduki mpira haufui dafu. Lakini wapo wengi waliokwenda kwa miguu yao. Mmoja alifuata chakula. Mwingine alifuata kisasi cha baba yake. Mwingine hakufuata kitu ila kundi la kuwa nalo, mahali ambapo mtu anamwita kwa jina. Mwandikishaji ana macho: hamtafuti mtoto shujaa, anamtafuta yule ambaye akikosekana jioni hakuna atakayeuliza.

Hapo ndipo timu ya shule inapoingia. Mtazame mwalimu anayefundisha timu. Ana daftari moja la mistari, pembe zake zimekunjamana na kuingia vumbi jekundu. Kushoto kuna majina, kulia kuna tarehe za mazoezi. Jumatano alasiri watoto wanasimama kando ya goli la miti ya mikaratusi, mistari ya kiwanja imechorwa kwa majivu, naye anaita jina moja baada ya jingine. Jina la saba halijibiwi. Yuko wapi? Mmoja anasema ana malaria. Mwingine anasema hapana, tangu Jumatatu hajaonekana, watu wanasema amemfuata kaka yake kwenye machimbo ya dhahabu huko Mongbwalu. Mwalimu anaweka alama mbele ya jina, na kabla ya giza anapita nyumbani kwao kubisha hodi. Hodi hiyo ndiyo faida kubwa ya msimu mzima. Kombe haliwezi kuipita.

Utasema: darasani nako si wanaita majina? Wanaita. Lakini tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, jambo jema kabisa, madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye watoto waliobanana hadi dirishani hana miguu ya kumfuata kila asiyekuja. Mwenye kikosi cha watoto kumi na wanane anaweza. Na tofauti nyingine ni hii: mtoto akikosa darasani, wenzake wanapata nafasi kwenye dawati. Akikosa kwenye timu, pengo lake linaonekana na wote wanaulizia.

Ndiyo maana natofautisha msimu na sherehe. Tumezoea kuletewa mechi za amani. Magari meupe yanakuja, watoto wanavalishwa fulana, hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, na Jumatatu hakuna kilichobaki. Siwalaumu wenye nia njema, lakini amani haichezwi alasiri moja. Msimu ni mazoezi ya kila wiki kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka wa shule, mvua za Oktoba zinapogeuza kiwanja kuwa tope na vumbi la Januari linapowapofusha makipa. Msimu una mzunguko wa kwanza na wa pili. Kijana aliyekukata ngwala Novemba utakutana naye tena Machi, na itabidi umpe mkono kabla ya filimbi na baada yake. Mtoto anajifunza kwamba deni la uwanjani hulipwa kwa kucheza vizuri zaidi mara ya pili, mbele ya mwamuzi, kwa kanuni ileile. Mji uliojaa watu wanaosubiri kulipiza kisasi unahitaji sana somo hilo, na halifundishiki kwa hotuba.

Parokia zisiseme kwamba mpira si kazi ya Kanisa. Historia ya nchi yetu inasema vingine. Mjini Lubumbashi, mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliosimamia shule ya Mtakatifu Bonifasi waliunda timu ya vijana. Timu hiyo ndiyo TP Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kinshasa nako, padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari Mbelgiji, alijenga shule na viwanja pamoja, hata uwanja ambao Muhammad Ali alimpigia George Foreman mwaka 1974 leo unaitwa Tata Raphaël. Najua nyakati zile za ukoloni mpira ulitumika pia kuwatuliza vijana wasifikirie siasa. Lakini kiwanja sasa ni chetu, na matumizi yake ni juu yetu.

Nazijua hoja za wanaopinga. Wa kwanza husema mpira unaua masomo. Unaua pale usipokuwa na kanuni. Weka kanuni kwamba aliyekosa darasani bila sababu hagusi mpira Jumamosi, uone jinsi mahudhurio yatakavyopanda bila fimbo. Wa pili husema watu wana njaa, wengine wako kambini Kigonze chini ya mahema, mpira wa nini? Namjibu kwamba watoto wa Kigonze ndio wa kwanza kuandikwa. Mama aliyekimbia na watoto watano anahangaika na maji, kuni na chakula. Akijua kwamba saa fulani mwanawe yuko chini ya jicho la mwalimu, amepunguziwa mzigo mmoja. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 31, uliandika mchezo kuwa haki. Wa tatu husema mpira huleta ugomvi. Huyu ana ukweli, na ugomvi wenyewe mara nyingi unaletwa na sisi wakubwa. Kwa hiyo tuyaangalie makosa yetu.

La kwanza ni kugawa timu kwa mitaa. Tangu vita, kartie za Bunia zimejitenga kwa makabila. Ukiunda timu kwa avenyu, umeunda timu ya kabila bila kulitaja kabila. Basi wapigiwe kura: majina yote kwenye kofia, Mhema, Mlendu, Mualur, Mbira, Mnande, na kofia iamue nani acheze na nani. Na mzazi atakayesimama pembeni na kumtukana mtoto wa mwenzake kwa kabila lake, mechi isimame mpaka aondoke. Watoto waone kwamba alifukuzwa.

La pili ni umri. Kijana mwenye ndevu anaingizwa kati ya watoto wa miaka 13, na cheti kinatafutwa baadaye. Katika kesi ile ya The Hague, mojawapo ya maswali mazito lilikuwa hilohilo: mtoto huyu ana miaka mingapi? Sisi tulioona uzito wa swali hilo tusilichezee kwa ajili ya kombe la bati.

La tatu ni benchi. Timu ya shule inayowachezesha walewale kumi na mmoja kila wiki inawafundisha wengine kwamba hawana maana, na hao ndio tunaowatafuta. Kila aliyeandikwa acheze angalau kipindi kimoja. Tukifungwa kwa sababu hiyo, tufungwe.

La nne ni wasichana. Mabinti nao walichukuliwa vitani, wakaumia kwa namna ambazo gazeti haliwezi kuziandika zote. Wawe na timu yao, saa zao za kiwanja na mwalimu mwanamke. Na kwa timu zote, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani wala safarini. Mtu mwema hachukii kanuni hiyo, kwani inamlinda na yeye.

La tano ni wanasiasa. Jezi yenye picha ya mgombea si zawadi, ni deni. Mkono mtupu haulambwi, nakubali, lakini heri watoto wacheze na fulana za nyumbani, upande mmoja ukivua na mwingine ukibaki nazo, kuliko kuwafanya mabango.

La sita ni kiwanja chenyewe. Mji unakua, viwanja vya nyumba vina bei, na ardhi tupu ya shule inatamaniwa. Hati ya kiwanja iandikwe, mipaka iwekwe, na atakayekuja na bahasha aambiwe kwamba hakiuzwi.

Tena tusiridhike na kupiga mpira tu. Kule Nairobi, katika mtaa wa Mathare, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliweka kanuni ya ajabu: timu inayosafisha taka za mtaa hupata pointi kwenye ligi. Watoto hao walisafisha mtaa wao, na klabu iliyotoka humo, Mathare United, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Mudzipela inashindwa nini? Pointi zitolewe kwa kusafisha kisima, kwa kumsaidia mjane kuezeka, kwa kumrudisha shuleni mwenzao aliyeacha. Jedwali la ligi litatueleza mambo mengi kuliko idadi ya magoli.

Basi nimalize kwa kuwasihi. Mapadri na masista, wekeni msimu katika kalenda ya parokia, uwe na tarehe kama katekesi. Wakuu wa shule, mpeni mwalimu wa timu daftari na saa za kufanya kazi hiyo, msimwachie aifanye kwa huruma yake. Wafanyabiashara wa mjini, mipira miwili na sanduku la dawa za majeraha haviwafilisi. Vijana mliomaliza shule, jifunzeni kupuliza filimbi kwa haki, kwa maana mwamuzi mwenye haki ni adimu katika mkoa huu. Mashefu wa kartie, mwalimu akiwaletea jina la mtoto aliyetoweka, msingoje wiki ipite. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Ituri tumeujenga mara nyingi mno kwa makaburi.

Nawe mzazi, usiniambie huna nafasi. Jumamosi nenda kiwanjani mara moja. Mjue mwalimu anayemfundisha mwanao, mwonyeshe mlango wa nyumba yako, umwambie: siku asipokuja, njoo uniulize.