Mshamba Katungwa Mjini

Jamani waandishi wenzangu, hivi tutaandika habari za mshamba mpaka lini? Kila anayeanza riwaya lazima amshushe jamaa stendi ya mabasi, mdomo wazi, aibiwe pesa, watu wacheke. Na jamaa mwenyewe eti lazima awe Msukuma, aongee kwa lafudhi ya kwetu Shinyanga. Tumechoka!

Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1952 kampuni ya filamu kutoka Afrika Kusini ilitengeneza hapa Tanganyika filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, chini ya serikali ya kikoloni. Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam, wajanja wanamliza pesa zake. Mwigizaji mkuu alikuwa nani? Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo Simba wa Vita!

Sasa hebu fikirini. Aliyeigiza ushamba ule alikuwa kijana aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Miaka kumi tu! Ushamba ulikuwa vazi la kazi. Kamera ikizimwa, analivua. Wengi tunamkumbuka kwa siasa, uigizaji wake tunauruka, na somo lake linatupita.

Mkoloni alikuwa na lake: mtu wa shamba auogope mji, abaki kulima. Wewe mwandishi wa leo una lipi?

Njoo basi huku Geita, machimbo ya Nyarugusu. Kijana wa Kisukuma anashuka kwenye duara, anautambua mwamba wenye dhahabu, anajua mizani inavyochezewa. Anadhulumiwa? Ndiyo, mara nyingine. Lakini si kwa ujinga. Mtaji hana, mnunuzi anao, na nyumbani watoto wanataka kula leo. Anaona anavyopunjwa na bado anauza. Hapo ndipo penye riwaya, ndugu yangu, si pale stendi.

Najua mtasema wasomaji wanataka kucheka. Wacheke! Sisi wenyewe Wasukuma tunapenda utani, waulizeni watani zetu. Ila mpeni mtu wetu akili zake timamu kwanza, halafu ndiyo mumwibie.

Kama hamwezi, wekeni kalamu chini. Tutaandika wenyewe.