Winga mstaafu wa Madimba apewe filimbi ya shule

Ukishuka na barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, saa kumi na moja jioni, ukifika Madimba huna haja ya kuuliza uwanja uko wapi. Kelele zitakuita. Jina lenyewe linachekesha kidogo, maana sisi waandishi wa michezo tumezoea kuuita uwanja "dimba", na hapa kijiji kizima kinaitwa Madimba. Lakini dimba lenyewe ni mchanga, magoli ni miti, na vijana waliotoka shule nusu wana njumu, nusu wako peku.

Pembeni ya viwanja vya namna hii, iwe Madimba, Ziwani au Msimbati, hakosekani mtu mmoja mzima, miaka arobaini na ushee, kavaa jezi iliyopauka mpaka jina la mgongoni halisomeki. Huyo ndiye "kocha". Hana mkataba, hana koni, mara nyingine hata filimbi hana, anapiga mluzi kwa vidole. Zamani alikuwa winga wa timu ya daraja la kwanza au la pili, mbio zake zinakumbukwa mpaka leo kwenye vijiwe vya kahawa. Goti likasema basi, akarudi nyumbani kulima korosho. Jioni anafundisha watoto wa watu bure.

Hoja yetu leo ni fupi: huyu mtu aingizwe shuleni, kwa utaratibu, kwa malipo na kwa cheti.

Wenzetu Marekani wana mpira wao, ule wa kuvaa helmeti na kukumbatia mpira kifuani. Mimi sheria zake zinanichanganya mpaka kesho, sitajifanya mjuzi. Lakini kitu kimoja wametuacha mbali. Mchezaji wao akistaafu, hata aliyewika ligi kubwa, haoni aibu kurudi kufundisha sekondari ya mtaani kwao. Ijumaa usiku mji mzima unajaa kwenye uwanja wa shule, na kocha wa shule ni mtu anayelipwa na anayeheshimiwa. Kwetu staa akistaafu tunamwalika kwenye bonanza la maveterani, tunampigia makofi, tunamrudisha nyumbani na fulana.

Na si kwamba hatujui faida yake. Tunaye Abdallah Kibadeni, "King". Julai 19, 1977 aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, Simba ikashinda 6-0, na mpaka leo mashabiki wa pande zote mbili wanalitaja hilo kila wiki ya dabi ikifika. Angeweza kula jina hilo maisha yake yote. Badala yake akasomea ukocha. Mwaka 1993 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF: sare ya bila mabao kule Abidjan dhidi ya Stella, halafu kile kipigo cha 2-0 Dar es Salaam ambacho wazee wa Msimbazi bado hawataki kukizungumzia. Baadaye akafungua kituo cha kufundisha vijana soka huko Chanika. Ukiniuliza mimi, la Chanika nalithamini kuliko hata hat-trick. Hat-trick iliwafurahisha watu waliokuwepo siku ile. Kituo kinamgusa mtoto ambaye mwaka 1977 hata baba yake alikuwa hajazaliwa.

Mwingine ni Emmanuel Amunike. Mnigeria, sawa, lakini alikaa nasi. Winga hasa, aliyefunga mabao mawili kwenye fainali ya AFCON 1994 dhidi ya Zambia. Alipotundika daluga hakukimbilia klabu kubwa; alikwenda kwa watoto wa chini ya miaka 17, akatwaa nao Kombe la Dunia Chile mwaka 2015, kikosi kilichokuwa na Victor Osimhen. Alipotua kwetu mwaka 2018 aliipeleka Taifa Stars AFCON ya Misri baada ya miaka 39 ya kusubiri. Kule tulifungwa mechi zote tatu akafukuzwa, hiyo ni hadithi nyingine na mimi sijawahi kukubaliana nayo sana. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekimbia pembeni ya uwanja kwa miaka kumi anajua vitu ambavyo havimo kwenye kitabu.

Vitu gani? Kwa mfano, namna ya kupokea mpira mgongo ukiwa umeelekea mstari, ili mguso wa kwanza ukutoe kwa beki na si ukupeleke kwake. Lini ukimbie na lini usimame tu, beki akapita mwenyewe. Kwa nini uutumie mguu wa kushoto mazoezini hata kama unakutia aibu. Uwanja wa mchanga kama wa Madimba mpira haudundi vizuri, unazama. Kijana anazoea kuusukuma kwa nguvu, na siku akipanda uwanja wa nyasi kila pasi inatoka nje. Aliyepitia hapo analijua hilo tatizo. Mwalimu wa historia aliyepewa timu kwa sababu ni kijana na ana raba hawezi kulijua, na si kosa lake.

Kuna na mambo ya nje ya mpira. Mchezaji wa zamani anajua mkataba wa kusainiwa kwenye boneti ya gari unavyouma. Anajua goti likivimba unapumzika, hufungi kitambaa ukaingia. Anajua pia, na hili ndilo kubwa, kwamba kijana akiacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mpira, na mpira ukamwacha akiwa na miaka 24, kinachobaki ni bodaboda ya mtu mwingine. Mwalimu akisema hivyo kijana anaona anazuiwa. Akisema yule jamaa wa jezi iliyopauka, kijana anasikiliza, maana ushahidi umesimama mbele yake unachechemea.

Sasa kwa nini haingii shuleni? Sababu zipo, tusizidharau. Ya kwanza ni karatasi. Wengi wao waliishia darasa la saba, na shule ya serikali haiwezi kumwajiri mtu kwa kumbukumbu za vijiweni. Kozi za ukocha zipo, leseni ya CAF ngazi ya D ndiyo mlango wa kuingilia, kisha C, B na A. Lakini ada, nauli na siku za kulala mbali na nyumbani ni mzigo kwa mkulima anayengoja msimu wa korosho ndipo ashike hela.

Ya pili ni hofu ya wakuu wa shule, na hapa niko upande wao. Huwezi kumkabidhi watoto wa kike na wa kiume mtu yeyote kwa sababu tu alikuwa na mbio. Awe anajulikana na serikali ya kijiji, asaini kanuni, na asisafiri na timu peke yake bila mwalimu. Hilo halina mjadala. Na tukubaliane pia kwamba si kila aliyejua kupiga chenga anajua kuifundisha. Wengine wana hasira, wanataka mtoto wa miaka 14 afanye walichofanya wao wakiwa na 25. Ndiyo maana tunasema cheti kwanza.

Ya tatu ni hela, na hapo ndipo nashindwa kuelewa. Madimba si kijiji cha hivi hivi. Pale ndipo ulipo mtambo wa kuchakata gesi ya Mnazi Bay, gesi inayosafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam kuwasha taa, zikiwemo taa za uwanja ambao sisi tunaangalia mechi za usiku. Sheria inazitaka kampuni kulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, asilimia ndogo ya mauzo. Hatusemi hela hiyo yote iende kwenye mpira. Kuna zahanati, kuna madawati, kuna maji. Tunasema posho ya makocha wawili au watatu wa shule na ada ya kozi moja ni kitu ambacho kikitengewa fungu hakuna atakayehisi pengo.

Kozi yenyewe iletwe huku. Mtwara ina Nangwanda Sijaona, ina chuo cha ualimu, na imewahi kuipokea UMISSETA ya taifa zima, mwaka 2019 na tena 2021. Mkoa uliolaza maelfu ya wanafunzi hauwezi kushindwa kulaza makocha 30 kwa wiki moja. TFF walete mkufunzi, chama cha mkoa kitafute washiriki, na wasitafutwe mjini tu. Waende na Madimba, Kitaya, Nanguruwe.

Maana tunajua kilichotukuta. Ndanda, Wanakuchele wetu, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, tukakaa nayo misimu sita, ikashuka na mpaka leo tunaisubiri. Wakati huo majirani zetu wa Ruangwa, Namungo, walikuwa wanapanda, na msimu wa 2020/21 wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho. Kila Ndanda ilipoyumba tulilaumu kocha, tukalaumu viongozi, tukalaumu marefa. Wachache waliuliza winga wa kushoto wa miaka mitano ijayo anafundishwa na nani, na wapi.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Ofisa michezo wa wilaya achukue daftari, apite vijiji vya ukanda wa gesi jioni saa kumi na moja, saa ambayo hawa jamaa wote wako uwanjani, aandike majina na timu walizochezea. Daftari hilo lifike mezani kwa mkurugenzi kabla bajeti haijafungwa, na nakala moja iende TFF. Sisi tutalifuatilia, na likichelewa tutauliza tena kwenye ukurasa huu huu.