Mkubwa Huyo Katumwa na Sheria Gani?

Tuna desturi isiyotufaa hata kidogo. Mkubwa akitoa amri, sisi hutazama gari alilokuja nalo na idadi ya askari waliomzunguka. Hatuulizi amri ile imetoka wapi. Tukisutwa, tunajibu kwamba mwenye nguvu mpishe. Haya, mpisheni njiani. Lakini haki zenu je, nazo mnazipisha?

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haikutuficha mamlaka yanatoka wapi. Ibara ya 8 yasema Serikali hupata madaraka yake yote kwa wananchi. Ibara ya 33 humfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa pamoja, na inayofuata huweka mikononi mwake mamlaka yote ya Serikali ya Muungano, kwa mambo ya Muungano na ya Tanzania Bara. Waziri Mkuu husimamia kazi za Serikali za siku hadi siku. Baraza la Mawaziri humshauri Rais, naye, kwa ibara ya 37, halazimiki kuufuata ushauri huo isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Kwa maoni yangu huo ni mzigo mkubwa mno kwa mtu mmoja. Hata hivyo mipaka imo: Waziri Mkuu hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe, Rais mwenyewe havuki vipindi viwili vya miaka mitano, na Bunge laweza kumshtaki na kumwondoa.

Lakini ni wangapi kati yetu watakaosimama mbele ya Rais? Mkubwa wetu wa kila siku ni mkuu wa wilaya, na kwake ndiko tunakokosea zaidi. Kila mtu amesikia habari za kuwekwa ndani saa 48. Wengi hudhani ni adhabu, na kwamba mkuu wa wilaya huitoa akiudhiwa, kama baba mwenye fimbo. Sivyo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe iwapo mtu huyo ametenda kosa la kushtakiwa mahakamani, au iwapo mkuu wa wilaya ana sababu ya kuamini kuwa mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Kabla ya saa 48 kwisha, mtu huyo afikishwe kwa hakimu. Asipofikishwa aachiwe, wala mkuu huyo asiamuru akamatwe tena kwa sababu ile ile. Kuitumia vibaya nguvu hiyo nako ni kosa.

Sasa pimeni wenyewe. Mwalimu aliyechelewa kazini amevunja amani gani? Ana mwajiri, ana kanuni za nidhamu. Mwenyekiti wa kijiji aliyejibu swali kwa ukali mkutanoni je? Sisemi mamlaka hayo yafutwe leo. Wakulima na wafugaji wakishikiana mapanga usiku, na kituo cha polisi kiko mbali, lazima awepo mtu wa kuamua upesi. Ila dawa ya usiku huo isigeuzwe kuwa silaha ya kulinda heshima ya mtu.

Basi tuulize, kwa adabu na bila matusi: “Mheshimiwa, ni kwa kifungu gani?” Aulize diwani, aulize mzee wa mtaa, aulize hata askari anayetumwa kukamata, maana naye amekula kiapo. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo halmashauri hazina udhuru: vifungu hivyo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji, kwa herufi kubwa, pale pale panapobandikwa matangazo ya michango.