MAHEMA YAKAE, NYUMBA ZISOGEE

Ndugu wanaushirika,

Iko hoja kwamba tujenge vibanda vya wageni ukingoni kabisa mwa Rufiji, kama wafanyavyo wenye kambi karibu na hifadhi. Wageni hupenda kulala wakisikia maji. Hilo silipingi, fedha tunaihitaji. Ninachopinga ni mahali.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata pasingekuwa na sheria, mto wenyewe ulitufundisha Aprili 2024: mashamba na nyumba vilizama, watu wakahama. Hema unalikunja unaondoka nalo. Je, kibanda cha tofali utakibeba kichwani?

Halafu kuna viboko. Usiku wanatoka majini kula majani, na wana njia zao. Ukimlaza mgeni juu ya njia ya kiboko, umemwalika kwenye matanga yake mwenyewe.

Tena jamani, njia ya kina mama kuchota maji na diko la wavuvi visifungwe kwa ajili ya mgeni wa siku mbili.

Shauri langu: mahema yakae karibu na mto wakati wa kiangazi tu, mbali na njia za viboko. Vibanda vijengwe juu, nje ya mita 60. Na ardhi isigawiwe faraghani. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuigawa bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Basi njooni mkutanoni mseme. Asiyekuja asinung'unike kilabuni.

Katibu wa Tawi