Acheni Kumwita Kipaji

Kila baada ya miezi kadhaa klipu ileile inarudi. Mtoto wa kijijini, kaptula imetoboka, amechuchumaa nyuma ya kijiko alichokiunda mwenyewe. Si kijiko cha chai. Ni ule mtambo wa kuchimba ambao vitabu vinauita ekskaveta na mafundi wa barabara wanauita kijiko. Anasukuma bomba moja la sindano, mkono unanyanyuka. Anasukuma la pili, ndoo inachota mchanga. Chini ya klipu tunajazana sisi wasomi: "Kipaji hiki!" "Serikali imuone huyu dogo." "Angezaliwa Ulaya huyu..." Tunasogeza skrini, inakuja video ya mtu anapika pilau, na habari ya dogo imekwisha.

Nina ugomvi na neno kipaji. Kipaji hutoka kwa Mungu, hakina mwalimu, hakina gharama, na hakimdai mtu chochote. Ukishamwita mtoto kipaji umejitoa. Kazi iliyobaki ni ya Mungu, na ya hiyo serikali tunayoiomba "imuone" kana kwamba tatizo ni macho.

Nimeiona kazi hii kwa karibu Sibwesa, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako nina ndugu na ambako likizo zangu nyingi zimeishia. Huko sikukuta mtoto mmoja mwenye kipaji. Nilikuta karakana. Haina paa, iko chini ya mwembe, na ina ngazi zake kama gereji yoyote. Wadogo wanatumwa kutafuta vizibo vya soda na ndala zilizokatika, maana soli ya ndala ndiyo tairi. Wa katikati wanatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Wakubwa, wa darasa la sita na la saba, ndio wanaoamua mkono ufungwe wapi ili kijiko kisipinduke kikijaza ndoo. Wana istilahi zao: kuna katapila, greda, tipa, shindilia, na ile sehemu ambayo kijiko kinazungukia wanaiita kiuno. Aliyefunzwa mwaka juzi anafundisha mwaka huu. Sasa hapo kipaji kiko wapi? Hiyo ni fani, inarithishwa kama useremala.

Na wanajua mambo. Wanajua kwamba bomba likiwa na hewa mkono unasitasita halafu unaruka, lakini likiwa na maji unakwenda taratibu na kusimama pale unapotaka. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Aliyewaonyesha namna ya kutoa hewa yote alikuwa msichana, mmoja wa wale wanaopita pale na ndoo kichwani bila kukaribishwa mchezoni. Alilishika bomba mdomo juu, akaligonga kwa ukucha mpaka povu likapanda, akasukuma kidogo. Ndivyo alivyomwona nesi akifanya zahanati. (Kisha akabeba ndoo yake akaenda. Kuhusu wasichana na karakana hizi ningeweza kuandika makala nzima, tena ya hasira zaidi ya hii.)

Wanajua pia kwamba mabomba hayalingani. Ukiunganisha dogo la mililita 5 unalosukuma na kubwa la mililita 20 linalonyanyua, kwa mpira wa dripu katikati, kijiko kinapata nguvu zaidi ya mara mbili ya uliyotia, ila kinasogea kidogo tu. Ukibadilisha, kinakwenda mbio lakini hakiwezi hata jiwe. Blaise Pascal alikufa mwaka 1662 baada ya kueleza kanuni hiyohiyo, na mtoto wa Sibwesa ataikuta sekondari, kwa Kiingereza, ikiwa mchoro wa ubaoni. Pengine ataikariri, pengine ataifeli. Uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna atakayemwambia kuwa ndicho kitu alichokifanya chini ya mwembe akiwa na miaka kumi na moja.

Mota nazo wanazo. Zinatoka kwenye redio za kaseti na deki zilizokufa, na wanajua ukigeuza betri inazunguka kinyume. Tatizo ni kwamba mota ndogo inazunguka kasi sana na haina nguvu. Dawa yao: wanavisha utepe wa mpira kati ya ncha ya mota na kifuniko kipana cha kopo. Ncha nyembamba inazunguka mara nyingi, kifuniko kinazunguka mara moja, kasi inashuka, nguvu inapanda, na uzi unaanza kuvuta mkono wa winchi. Kwa lugha ya darasani hiyo ni punguzo la mwendo. Wao wanasema tu "umezeesha mota."

Sasa tuwageukie wale wanaosema tuwaletee vifaa vya maana. LEGO, kampuni ya Billund, Denmaki, iliandikisha hataza ya tofali lake Januari 1958, na mwaka 1977 ikaanzisha mfululizo wa kiufundi, wenye gia na ekseli, ambao leo unaitwa Technic. Mwaka 2019 ikatoa kijiko cha Liebherr R 9800: vipande 4,108, mota saba, kinaendeshwa kwa simu, dola 449.99 za Marekani. Hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja. Mkulima wa mahindi anayesoma hapa apige hesabu ya magunia mwenyewe.

Sikidharau. Kinachonivutia kwenye tofali la LEGO si rangi wala mota, ni kwamba la mwaka 1958 bado linashikana na la leo. Vipande sawa! Hicho ndicho mtoto wa Sibwesa hana. Hana magurudumu mawili yanayolingana, hana matundu mawili yenye upana mmoja, kwa hiyo nusu ya akili yake inaishia kulazimisha visivyoingiana viingiane. Baada ya wiki mbili kijiko kimelegea, kinaishia jikoni kuwashia moto, na kinachofuata kinaanza sifuri. Wanaosifu "ubunifu wa uhaba" wangejaribu kwanza kuandika tasnifu yao kwa kalamu ambayo kila asubuhi lazima waitengeneze upya. Umaskini haufundishi mtu uhandisi. Unamchelewesha.

Lakini boksi la milioni moja nalo si jibu, na nimewahi kuona linavyoishia. Shule moja, ambayo sitaitaja wala kusema iko mkoa gani, ilipewa vifaa vya kuunda roboti na wafadhili. Picha zikapigwa. Kisha boksi likafungiwa kabatini, kwa sababu kipande kikipotea anaulizwa mwalimu mkuu, na hakuna duka la kununua kingine. Na hata lisipofungiwa, linakuja na kitabu cha maelekezo: hatua ya kwanza, ya pili, ya mia nne. Ukimaliza umejenga jibu la mtu mwingine. Swali lenyewe, mkono ufungwe wapi ili kisipinduke, lilishajibiwa Billund.

Ninachodai ni kidogo hadi kinatia aibu. Mabomba mapya ya sindano, bila sindano zenyewe, bomba moja halifiki bei ya soda. Nasema mapya kwa makusudi: hivi sasa baadhi ya watoto wanayaokota kwenye majalala ya zahanati, na hatari ya hilo hahitaji mtu kuelezwa. Mita kadhaa za mpira wa dripu. Mota mbovu kutoka kwa mafundi redio wa Mpanda mjini, ambao wanazo debe zima. Msumeno mdogo, rula ya chuma, na keekee ya mkono yenye ncha za saizi moja kwa wote, ili tundu la leo liingiane na la mwezi ujao. Basi. Hiyo ni karakana ya shule.

Na mtaala unaruhusu. Tangu Januari 2024 tumeanza kutekeleza mitaala mipya, sekondari ina mkondo wa amali, na kila hotuba ina neno "umahiri". Kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na tukaitafsiri kuwa kulima shamba la shule. Tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, ambayo nayaheshimu. Ila mashindano yanatafuta washindi, yaani yanarudi kulekule kwenye kipaji. Mtoto wa nne wa karakana, yule anayetoboa matundu vizuri bila kubuni chochote, hana shindano la kwenda. Mtambo wowote duniani unamhitaji yeye kuliko mshindi.

Najua jibu la wazazi wengi, nimeambiwa usoni na mjomba: "Huko ni kucheza, mwanangu. Washike daftari." Namwelewa. Daftari ndilo linalosahihishwa. Kijiko hakina maksi, ndiyo maana mwalimu anayekiona darasani anakitupa dirishani, na mwalimu huyohuyo wiki ya wakaguzi anakiomba kiwekwe mezani kama zana ya kufundishia. Mpe maksi kumi tu za mia kwenye somo lolote la vitendo uone kama mjomba hatakwenda kuokota vizibo mwenyewe.

Mitambo si mgeni Katavi. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda na wakoloni kwa sababu ya madini ya risasi. Miaka ya karibuni mitambo imekuja kwa ajili ya barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, ikaja ya bandari ya Karema. Inakuja, inachimba, inaondoka na waendeshaji wake. Kijana aliyewafundisha wale watoto kuzeesha mota amemaliza darasa la saba muda sasa. Mwaka huu yuko Mpanda mjini, anabeba zege kwa malipo ya kutwa, kwenye eneo la ujenzi lenye vijiko viwili vya kweli. Nilimuuliza kama amewahi kupanda kimoja. Akasema msimamizi hajui kama yeye anajua chochote, na hajawahi kuulizwa.