Ujira wa Wakili Uandikwe Kabla ya Shauri



Katika wilaya ya Rungwe ardhi ndiyo mali. Kishamba cha chai, migomba na malisho ya ng'ombe wa maziwa hulisha nyumba nzima na kusomesha watoto. Ndiyo maana mirathi na mipaka hugombanisha ndugu mpaka wakafikishana Tukuyu, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani, na asiyeridhika akakata rufaa Mahakama Kuu, Mbeya, mwendo wa kilometa zipatazo 70. Hapo wakili huhitajika, na hapo huzaliwa ugomvi wa pili ambao familia haikuutarajia: wa mteja na wakili wake mwenyewe, juu ya ujira.

Ugomvi huo huanza hivi. Familia huuza ng'ombe, hutoa malipo ya awali bila stakabadhi, na kuambiwa kuwa mengine yatazungumzwa. Shauri huahirishwa mara saba. Kila safari ina nauli na kila waraka una ada. Baada ya hukumu wakili hudai kiasi ambacho mteja hajapata kukisikia; mteja naye, kwa kuwa shamba ameshalipata, hapokei simu. Ni nani mdhulumu? Mara nyingi ni wote wawili. Lakini kwa maoni yangu lawama ya kwanza ni ya wakili, kwani ndiye ajuaye urefu wa njia, na kalamu imo mkononi mwake.

Kuwakilishwa katika ugomvi si jambo geni kwetu. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) alimweka nduguye, Aqil, kuwa wakili wake. Kumlipa wakili ni ijara, na sharti la ijara ni ujira ujulikane. Usipojulikana, mkataba huwa fasidi. Hata hivyo mafakihi hawakusema aliyefanya kazi aondoke mikono mitupu. Walimpa ujratul-mithli, yaani ujira wa mtu wa mfano wake kwa kazi ya mfano wake.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inayatambua makubaliano ya ujira yaliyoandikwa na kutiwa saini. Yasipokuwepo, ankara ya wakili hupelekwa kwa afisa mkadiriaji wa mahakama, ambaye huipitia kifungu kwa kifungu kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 (Tangazo la Serikali Na. 264). Wala wakili hawezi kumshitaki mteja ghafla. Ampe kwanza ankara iliyotiwa saini, na mwezi mmoja upite. Mizani ya ukadiriaji huo ilielezwa mwaka 1972 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services: gharama zisipande hadi mahakama zikawa za matajiri peke yao, na malipo yasishuke hadi watu wenye uwezo wakaikimbia kazi ya uwakili. Mahakama hiyo haipo tena, lakini majaji wetu wameendelea kuitegemea mizani yake.

Liko jambo linalowaponza wengi vijijini: ahadi ya kwamba tukishinda tutagawana shamba. Mwenye kukosa fedha huiona kama rehema. Sheria ya Tanzania, sawa na ya Kenya, haiyapi nguvu makubaliano ya wakili kununua sehemu ya kinachogombaniwa, wala ya kulipwa pale tu shauri linaposhinda. Wako wanazuoni wa leo wanaoruhusu malipo ya ushindi kwa mlango wa ju'ala, na hoja yao ina uzito. Lakini shamba la mirathi lina warithi wengi, na aliyeahidi nusu yake huwa mmoja tu. Ataahidije cha wenzake?

Vilevile tusidanganyike na hukumu inayosema mshindi alipwe gharama. Aliyeshindwa hulipa kile tu ambacho mkadiriaji amekipitisha. Kama mliafikiana na wakili kwa zaidi ya hapo, tofauti ni juu yako.

Basi kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, takeni maandishi: kazi gani, kwa kiasi gani, nauli juu ya nani, na rufaa imo au haimo. Suratul-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandikiana deni. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo mkataba wa wakili na mjane wa Kiwira hauna udhuru wa kuwa kwa Kiingereza. Asiye na uwezo aulizie msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na ambaye ankara yake imekwisha kukadiriwa naye hakuridhika, anazo siku 21 tangu uamuzi huo kulifikisha jambo lake kwa jaji wa Mahakama Kuu. Zikipita, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda, na maombi hayo nayo yana gharama zake.