Picha Bila Maelezo ni Shahidi Bubu

Katika nyumba nyingi za Bahati, Nakuru, mna picha za zamani zilizofungiwa masandukuni: za harusi, za ubatizo, za mavuno. Wenyewe huzithamini kwa nyuso zilizomo. Hata hivyo, thamani yake nyingine imo katika yale ambayo mpiga picha hakuyakusudia: msitu ulio nyuma ya bibi harusi, kijito kando ya shamba, mteremko usio na nyumba hata moja.

Wapiga picha mashuhuri walifuata matukio makuu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliishtua dunia mwaka 1984 kwa picha za njaa ya Ethiopia. Mkenya mwenzake, Priya Ramrakha, aliuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Maisha ya kila siku ya vijijini mwetu yaliachiwa wapiga picha wa mitaani wasiotajwa vitabuni. Kazi yao ndiyo kumbukumbu ya mazingira yetu.

Tuchukue mfano wa Ziwa Nakuru, lililo bondeni chini ya Bahati. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka sana. Tangu mwaka 2010 hivi, maji yamepanda hata yakaimeza migunga ya ufukweni na lango kuu la zamani la mbuga. Picha ya familia iliyopigwa ufukweni yaweza kutuonyesha maji yalikomea wapi, mradi mwaka wake unajulikana. Isiyo na tarehe ni shahidi aliyeona yote lakini hawezi kusema.

Aidha, picha huonyesha mti, haiutaji. Mzee ndiye atakayetwambia kwamba mti ule ni mtarakwa, ambao Wakikuyu huuita mũtarakwa na Wakalenjin tarakwet. Jina hilo moja linaloshabihiana katika lugha mbalimbali ni ushahidi kwamba jamii hizi zimekuwa zikisikilizana tangu kale. Mzee huyo akiondoka kabla ya kuulizwa, tutabaki na kivuli cha mti tusioujua.

Yuko atakayesema kwamba siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha. Ni kweli, lakini simu hiyo haiwezi kuupiga picha msitu uliokwisha kukatwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wawape wanafunzi kazi ya likizo. Kila mmoja, kwa idhini ya wenyewe, aketi na babu au nyanya yake mbele ya picha moja tu. Aandike ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na ni nini kinachoonekana nyuma, kwa lugha ya mzee na kwa Kiswahili. Picha ibaki kwa mwenyewe. Nakala na maelezo yake yahifadhiwe katika maktaba ya shule.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayo masandukuni. Daftari ndilo tulilokosa.